UZI: Inga Kuu halijajengwa kwa sababu kila mpango ulianza kwa kumtafuta mteja wa mbali

Mwana wa Lualaba (mleta uzi)

Salaam wanajamvi.

Wiki iliyopita, katika mjadala wa mgao wa umeme, wachangiaji watatu waliandika kwamba nusu ya Afrika ingekuwa imetoka gizani laiti Wakongo wangejenga bwawa lao la Inga, na mmoja wao akahitimisha kwamba kinachowakwamisha ni uvivu na wizi. Sikujibu siku ile kwa sababu jibu langu lisingetosha katika aya mbili. Mimi ni mzaliwa wa Kolwezi, nimeishi Tanzania kwa zaidi ya miaka 20, na kazi inayonilisha ni ya mitambo ya umeme. Jambo hili limenikaa moyoni tangu utotoni, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiandika kwa urefu.

Nianze na mto wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa mtu hawezi kujua kwa nini ndoto hii haifi. Mto Kongo hupitisha kwa wastani takriban mita za ujazo 41,000 za maji kila sekunde, na duniani kote ni Amazon tu unaouzidi. Unavuka ikweta mara mbili, hivyo mvua zinapokatika kaskazini huwa zinanyesha kusini, na maji yake hayaporomoki wakati wa kiangazi kama yanavyoporomoka ya mito yetu ya huku mashariki. Ukishaipita Kinshasa, mto huo huingia katika nchi ya milima na kuanza kushuka kuelekea baharini, na pale Inga, takriban kilomita 40 kabla ya bandari ya Matadi, unajikunja na kuanguka karibu mita 100 ndani ya umbali usiofika kilomita 20. Maji mengi kiasi hicho, yasiyokauka, yakianguka kimo hicho mahali pamoja: sehemu ya namna hiyo hakuna nyingine duniani.

Kando ya mkunjo huo kuna mabonde mawili, Nkokolo na Bundi. Bonde la Nkokolo ndilo lililotumika kujengea vituo viwili vilivyopo leo. Maji huchepushwa mtoni, hupitishwa bondeni kwa mfereji, kisha huangushwa kwenye mitambo na kurudishwa mtoni, bila mto wenyewe kuzibwa. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga 2 mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Wengi huchanganya vituo hivi na Inga Kuu, ilhali Inga Kuu ni kitu kingine kabisa: ni tuta la kuziba Mto Kongo wenyewe, kuligeuza Bonde la Bundi kuwa ziwa, na kujenga vituo kwa kufuatana kuanzia Inga 3 hadi Inga 8, vyenye jumla ya takriban megawati 40,000. Bwawa la Three Gorges la China, lililo kubwa kuliko yote duniani, lina megawati 22,500. Bwawa letu la Julius Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo Inga Kuu ni sawa na mabwawa ya Julius Nyerere karibu 19 yaliyowekwa mahali pamoja.

Kwenye Bonde la Bundi, hata Inga 3 haijaanza kujengwa.

Hoja yangu ni moja. Wazo hili lina umri wa takriban miaka 100, na katika umri wote huo hakuna mpango hata mmoja ulioanza kwa kuuliza Mkongo anahitaji umeme kiasi gani, wapi, na ataulipia vipi. Kila mpango ulianza kwa kumtafuta mteja mmoja mkubwa wa mbali, na kila mara mteja huyo alipobadili mawazo, bwawa lilikufa pamoja naye.

Mtazame wenyewe mfululizo huu. Katika miaka ya 1920 kanali wa Kibelgiji, Pierre Van Deuren, alipendekeza mto huo uvunwe kwa ajili ya umeme. Mwaka 1957 serikali ya Ubelgiji iliukubali mradi, na mteja aliyetarajiwa alikuwa viwanda vya kuyeyusha alumini, kwa sababu alumini hula umeme kuliko karibu madini mengine yote. Uhuru ukaja mwaka 1960, wawekezaji wakatawanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Uswisi, Alusuisse, ilifikiria kujenga kiwanda cha alumini karibu na pwani ya Kongo ili kitumie umeme wa Inga, nacho hakikujengwa. Baadaye ikaja BHP Billiton na mpango wa aina ile ile, ikajiondoa mwaka 2012. Alumini mara tatu, katika vizazi vitatu, na hakuna hata kilo moja iliyoyeyushwa.

Mpango pekee uliokamilika hadi mwisho ni ule wa njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, na huo ndio ninaotaka kuueleza kwa kirefu, kwa sababu ndimo maradhi yote yanamoonekana.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukienda likizo kwa bibi yangu mzaa mama, katika kijiji kilicho mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka Kolwezi. Nguzo za chuma zilipita nyuma ya shamba lake la muhogo, ndefu kuliko mti wowote niliokuwa nimewahi kuuona. Usiku ulipotulia tulisikia nyaya zikivuma, nasi tumekaa ndani tukila bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mwanga wa koroboi. Bibi alikuwa na swali ambalo alimuuliza kila mgeni aliyevaa suruali ya kazi: huo moto wa juu unakwenda kwa nani? Hakuna aliyemjibu vizuri. Mimi mwenyewe nilipata jibu miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, na siku nilipolielewa sikuweza kuendelea kusoma.

Njia ile ina urefu wa takriban kilomita 1,700, na ilipowashwa mwaka 1982 ilikuwa ndefu kuliko zote duniani. Inatumia mkondo mnyoofu (DC), yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, kwa msongo wa kilovoti 500. Sababu yake ya kihandisi ni ya kweli: katika umbali mrefu namna ile mkondo geu (AC), ule wa majumbani, hupoteza nguvu na huhitaji vituo vya kuutegemeza njiani, ilhali mkondo mnyoofu husafiri kwa hasara ndogo. Lakini transfoma, chombo kile tunachokiona kimetundikwa kwenye nguzo za mitaani, hufanya kazi kwa mkondo geu tu. Kijiji kilicho chini ya njia ya mkondo mnyoofu hakiwezi kufungiwa transfoma kikapata umeme. Ni lazima kwanza ujengwe mtambo mkubwa wa kuugeuza mkondo, na gharama ya mtambo huo hakuna mji mdogo unaoweza kuibeba. Njia ya Inga hadi Kolwezi ilijengewa mitambo miwili ya namna hiyo, mmoja Inga na mmoja Kolwezi. Kwa hiyo umeme ulipita juu ya Kwilu, juu ya Kasai, juu ya vichwa vya mamilioni ya watu, na kwa maumbile yake haukuweza kuteremka kwao.

Kwa nini basi usafirishwe umeme kilomita 1,700 kuupeleka Katanga, mkoa ambao tayari ulikuwa na mabwawa yake ya Mwadingusha kwenye Mto Lufira, na Nzilo na Nseke kwenye Mto Lualaba, na ambao bado ulikuwa na maporomoko ya kujenga mengine? Bwawa la Busanga, lenye megawati 240, limejengwa huko huko Lualaba katika miaka hii ya karibuni. Jibu linalotolewa na wengi walioichunguza historia hii, ambalo nakubaliana nalo, ni la kisiasa. Katanga ilikuwa imejitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na Mobutu alitaka migodi ya shaba itegemee swichi iliyo upande wa Kinshasa. Ujenzi alipewa mkandarasi wa Marekani, Morrison-Knudsen, kwa mikopo ambayo sehemu yake kubwa ilitoka katika benki ya serikali ya Marekani ya kukuza mauzo ya nje. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, mwaka 1977 na 1978 vita vya Shaba (ndilo lilikuwa jina la Katanga enzi hizo) vikapiga pale pale ambapo njia ilipaswa kufika, gharama zikapita makadirio, na ilipokamilika migodi haikuhitaji umeme mwingi kama ilivyotabiriwa. Deni halikupungua kwa sababu hiyo. Lililipwa, na lilipoishinda nchi likaongezewa riba, na mzigo wake uliwaangukia watu ambao hawakuwa na taa.

Miaka iliyofuata, katika sehemu kadhaa, watu walipanda nguzo na kufungua vyuma vya kushikizia, wakavitengenezea vitanda na majiko. Nimesoma ripoti zinazowaita wahujumu. Sitetei kuhujumu nguzo ya umeme, kwa sababu nguzo ikianguka inaua. Lakini chuma kile ndicho kitu pekee ambacho mradi ule uliwahi kuwapa.

Tangu hapo mpango umefuata mpango, nami nitaipita haraka kwa sababu umbo lake ni lile lile. Kulikuwa na Westcor, ubia wa mashirika ya umeme ya Kongo, Afrika Kusini, Angola, Namibia na Botswana, uliokusudia kusafirisha umeme wa Inga 3 kwenda kusini. Kongo ilijitoa na ubia ukavunjika. Mwaka 2013 ukatiwa saini mkataba na Afrika Kusini. Inga 3 ilipangiwa megawati 4,800, nazo ziligawanywa hivi: megawati 2,500 ziende Afrika Kusini, 1,300 ziende migodini, na 1,000 zibaki kwa SNEL, shirika la umeme la taifa. Someni tena mgawanyo huo polepole. Ni nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, na sehemu ya wananchi ilikuwa moja ya tano ya mradi. Mwaka 2018 ukubwa ukapandishwa hadi megawati 11,050 na kukabidhiwa makundi mawili, la Kichina na la Kihispania, yaliyotakiwa kuungana. Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya ACS ya Hispania ikajiondoa. Mwaka 2021 ikatangazwa kampuni ya Fortescue ya Australia, safari hii mteja akiwa ni hidrojeni ya kijani, gesi ya nishati inayotengenezwa kwa umeme usiochafua hewa, ya kuuzwa ng'ambo. Huo nao haujazaa tuta.

Naishia hapa kwa sasa. Nitafurahi kusahihishwa, hasa na wahandisi wenzangu.

Mzee wa Gridi

Ndugu mleta uzi, heshima yako. Nimesoma neno kwa neno na nimejifunza, hasa hilo la mkondo mnyoofu. Lakini nina pingamizi. Bwawa la Rufiji, hili la Julius Nyerere, nalo lilikaa kwenye makaratasi tangu enzi za Mwalimu. Walikuja Wanorwe wakapima katika miaka ya 1970, ikaundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza Bonde la Rufiji, na baada ya hapo tukaambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba haliwezekani, kwamba fedha hakuna, kwamba wafadhili hawataki kwa sababu ya Selous. Kisha mwaka 2018 serikali ikatia saini mkataba na wakandarasi wa Misri na kulipa kwa bajeti ya ndani, na leo mitambo yote tisa ipo. Huoni kwamba Kongo, yenye shaba na kobalti ambayo dunia nzima inaigombea, ingeweza kufanya vivyo hivyo kama ingekuwa na nia?

Mwana wa Lualaba

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa kuleta mfano huo, kwa sababu naona unaitilia nguvu hoja yangu kuliko unavyoipinga.

Jiulize mteja wa bwawa la Julius Nyerere alikuwa nani. Alikuwa TANESCO, na nyuma ya TANESCO alikuwa fundi wa kuchomelea wa Mbagala, kiwanda cha saruji, mashine ya kukoboa mpunga kule Kahama, na kaya zilizofungiwa mita katika miaka ya usambazaji wa umeme vijijini. Bwawa lilipoanza kujengwa, Gridi ya Taifa ilikuwepo, na njia ya kilovoti 400 ilijengwa kwenda Chalinze ili kuuingiza umeme humo. Hakuna aliyehitaji kusubiri bunge la nchi nyingine liridhie mkataba ndipo zege limwagwe. Hata kama bei ya alumini ingeanguka London siku ile ile, kazi isingesimama.

Ethiopia wamefanya vivyo hivyo kwenye Nile ya Bluu: bwawa lao la megawati 5,150, lililozinduliwa Septemba 2025, wamelijenga kwa sehemu kubwa kwa fedha za ndani, zikiwemo michango na hati za dhamana walizonunua wananchi wenyewe. Tofauti ya Kongo ni kwamba haina gridi moja inayoiunganisha nchi. Magharibi kuna mtandao wa Inga na Kinshasa, kusini kuna wa migodi, mashariki kuna vipande vipande, na katikati ni ile njia moja isiyoshuka. Kabla ya kumwambia Mkongo ajenge megawati 40,000 kwa fedha zake, ni haki kumuuliza atazisambaza kwa nyaya zipi. Nia ninayoitafuta mimi ingeanzia kwenye nyaya hizo, na hiyo kweli imekosekana.

Mama Kivu

Kaka, asante kwa uzi huu. Mimi naandika kutoka Goma. Huku kwetu tulikua tukijua Inga kama jina la kwenye hotuba. Umeme wa Bukavu na sehemu ya Goma ulitoka Ruzizi, bwawa la tangu wakati wa Wabelgiji, na tunaugawana na Rwanda na Burundi, hivyo siku zenye umeme zilikuwa za kuhesabu. Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu yalikuja na bwawa dogo la Matebe, kule Rutshuru, lililojengwa na Hifadhi ya Virunga na kuanza kazi mwaka 2015. Ni takriban megawati 13 tu, kitu ambacho ninyi wahandisi wa Inga mtakiona ni kama chenji. Lakini mtaani kwetu mita za kulipia kabla zilifungwa nyumba kwa nyumba. Mimi nina mashine ya kusaga na majokofu mawili, na nimeajiri vijana wawili. Makala, yaani mkaa kama msemavyo huko, siyanunui tena kwa ajili ya kupikia chai asubuhi. Tumepita katika vita tangu wakati huo na mengi yameharibika, ila nataka kuuliza: kwa nini tuendelee kuliombolezea Inga, ikiwa mito midogo inaweza kutufanyia kazi hii?

Mwana wa Lualaba

Dada yangu, poleni sana kwa yote mnayoyapitia huko. Megawati 13 zinazofika kwenye mashine yako ya kusaga si chenji hata kidogo, na ningependa kila mtu anayetaja takwimu za Inga asome aya yako kwanza.

Hata hivyo nisingependa tuseme kwamba mabwawa madogo yanatosha na Inga isahauliwe. Migodi na viwanda vya kuyeyusha shaba vya Lualaba na Haut-Katanga vina njaa ya umeme kweli, na kwa kuukosa vinachoma dizeli au kununua umeme kupitia Zambia. Kinshasa ni jiji la watu zaidi ya milioni 15. Mahitaji ya namna hiyo hayawezi kubebwa na mito ya Rutshuru. Kinachonisumbua ni mpangilio. Inga 1 na Inga 2 zimekaa miaka mingi zikizalisha chini sana ya uwezo wake kwa sababu ya mashapo kwenye mfereji na mitambo kukosa matengenezo, na wakati wote huo fedha, safari na vikao vilikuwa vya Inga 3. Mtambo namba 5 wa Inga 2, wenye megawati 178, umefanyiwa ukarabati kwa fedha za mgodi wa Kamoa-Kakula, ambao unauhitaji umeme huo. Mtambo huo peke yake ni zaidi ya mara kumi ya Matebe, na haukuhitaji tuta jipya wala kuhamisha mtu. Ningekuwa na mamlaka, ningeanzia hapo: ukarabati wa vilivyopo, kisha usambazaji, kisha mabwawa ya kati katika kila mkoa, na Inga 3 ikija iwakute watu wana mita tayari.

Wakili Mtafiti

Mleta uzi, uzi ni mzuri na umeutetea kwa staha, lakini umewaonea huruma mno watawala. Umeeleza wateja waliojiondoa kana kwamba ndio tatizo lote. Huko nyuma kulikuwa na mpango wa Benki ya Dunia uliokuwa ukiendelea, na ulivunjwa na Kinshasa yenyewe. Uliacha jambo hilo kwa makusudi?

Mwana wa Lualaba

Ndugu Wakili, sikuliacha kwa makusudi, na una haki ya kulidai.

Machi 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 73.1 za matayarisho ya kitaalamu ya Inga 3: upembuzi yakinifu, tathmini ya mazingira, na kujenga chombo cha kuusimamia mradi. Oktoba 2015 serikali ikaunda wakala mpya wa Inga na kuuweka chini ya Ofisi ya Rais. Julai 2016 Benki ikasitisha fedha zake, ikieleza kwamba mradi umechukua mwelekeo tofauti na ule uliokubaliwa, na baadaye ikaufuta mpango wote. Hilo lilifanywa na Wakongo wenye madaraka, na mimi kama Mkongo silifichi. Mradi wa thamani ya mabilioni ya dola ulipowekwa mahali ambapo bunge haliwezi kuuliza na wizara haiwezi kukagua, kila mwenye fedha safi alirudi nyuma.

Ila nakuomba ulipime na hili pia. Kama mteja wa umeme ule angekuwa mwananchi wa Kikwit au Mbuji-Mayi, angekuwepo mtu wa kupiga kelele siku wakala ule ulipoundwa. Diwani, mfanyabiashara, askofu, mtu yeyote aliyekuwa akiusubiri umeme angeuliza. Aliyekuwa akiusubiri alikuwa Pretoria, na waliobaki walikuwa na faili tu. Usiri ule na mteja wa mbali, kwa macho yangu, ni jambo moja lenye sura mbili.

Mvuvi wa Delta

Nauliza kama mtu wa Rufiji. Sisi tunaoishi delta tumekuwa na hofu kuhusu mashapo: tuta likizuia udongo huko juu, mikoko na kamba wa huku chini wanabaki na nini? Je, Inga Kuu lingefanya nini kwa bahari?

Mwana wa Lualaba

Kaka, swali lako ni zito kuliko nafasi niliyonayo. Kwa vituo viwili vilivyopo athari hiyo ni ndogo, kwa kuwa mto haukuzibwa na maji mengi yanaendelea na njia yake. Inga Kuu lingeziba mto wenyewe, na hapo habari inabadilika: Mto Kongo humwaga maji matamu na virutubisho mbali ndani ya Atlantiki, na viumbe vya bahari ile vimezoea hivyo tangu enzi. Tena Bonde la Bundi likijazwa, miti na majani yatakayooza chini ya maji katika joto lile yatatoa gesi ya methani. Hakuna tathmini kamili iliyowahi kukamilishwa kwa Inga Kuu lote, na kwangu hilo peke yake linatosha kumzuia mtu makini asiliite umeme safi kabla ya wakati.

Mama Kivu

Kaka, nina maswali mawili ya mwisho. Tumesikia Benki ya Dunia imerudi. Je, safari hii kuna tofauti? Na wale watu wa Inga wenyewe, ambao ardhi yao ilichukuliwa, wako wapi?

Mwana wa Lualaba

Dada, ni kweli. Juni 2025 Bodi ya Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 250 kama awamu ya kwanza ya programu inayoweza kufikia dola bilioni 1. Nimeona kwamba safari hii fedha za mwanzo zinaelekezwa pia kwa jamii zinazoizunguka Inga katika Kongo Central, kwenye huduma na ajira, kabla ya tuta lolote. Hilo ni tofauti, na nalipokea kwa moyo mkunjufu. Ukubwa wa Inga 3 yenyewe bado haujaamuliwa. Inatajwa popote kati ya megawati 2,000 na 11,000. Mimi nitakuwa naangalia kitu kimoja katika nyaraka zitakazotoka: kati ya Inga na Kolwezi, vituo vingapi vya kugeuza na kupoza umeme vimepangwa, na katika miji ipi. Idadi hiyo ikiwa sifuri, nitajua tunarudia mwaka 1982.

Kuhusu watu wa Inga: koo zilizokuwa zikimiliki ardhi ile zimekuwa zikidai fidia tangu ujenzi wa vituo viwili vya kwanza, na wadai wa leo ni watoto na wajukuu wa waliohamishwa. Karibu na hapo kuna makazi yanayoitwa Camp Kinshasa, yaliyokuwa kambi ya wafanyakazi wa ujenzi. Kazi ilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi, wakabaki, wakazaa. Kila mpango mpya wa Inga 3 ukitangazwa, wao huambiwa kwamba huenda watahamishwa, hivyo mtu anasita kujenga nyumba ya kudumu au kupanda mti wa matunda. Wameishi hivyo kwa miongo, wakisubiri kuondolewa kwa ajili ya bwawa ambalo haliji. Hasara hiyo haijahesabiwa katika upembuzi wowote niliousoma.

Na kwa kuwa kuna mjumbe aliyeniuliza faraghani kama kijiji cha bibi sasa kina umeme: hapana. Binamu yangu aliyerithi shamba lile alinunua paneli ndogo ya jua mwaka juzi. Inawasha taa tatu na kuchaji simu za majirani. Ameifunga juu ya paa, upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele kivuli cha nguzo huipitia kila siku alasiri.